Panga la marehemu baba limekwama kwenye mlingoti, naomba msaada wa kuchanja kuni

Mwana wa Pangani

Wakuu, habari za baridi.

Mimi ni mwalimu wa msingi, mzaliwa wa Pangani, nimeripoti kazini Njombe Januari mwaka huu. Kwetu baridi ni kitu unachokisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa, kisha unazima redio. Huku, mwezi huu wa sita, mtu akikusalimia asubuhi moshi unamtoka mdomoni kabla ya salamu. Mkaa nimeuacha, maana nikifunga madirisha nalala na kuamka kichwa kinaniuma, na nimeambiwa hiyo ni hatari ya kuua kabisa. Kwa hiyo jioni ni jiko la nje, la kuni.

Wiki tatu zilizopita nilinunua kirikuu moja ya magogo. Dereva akayamwaga mbele ya mlango. Yamekatwa kwa chenso, urefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mengi ni manene kama paja la mtu mzima, machache kama kinu. Nusu ni miwati, nusu ni milingoti, yaani mikaratusi (kwetu mlingoti ni wa jahazi, nilipoambiwa nitapikia milingoti nilidhani natakiwa nikavunje chombo cha mtu). Nilipomuuliza dereva nani atayachanja, aliniangalia kama nimemuuliza nani atakula.

Shoka sina. Nina panga la marehemu baba, ambalo mama alinipa nilipokuwa naondoka, akalifunga kwenye kanga kuukuu likakaa chini ya kiti cha basi kutoka Tanga mpaka huku. Baba alikuwa mkwezi. Ni panga la kizamani, lenye chapa ya mamba karibu na mpini. Mamba mwenyewe amebaki taya na mkia kwa kusuguliwa miaka yote hiyo. Makali yake ni membamba sana. Dafu alikuwa analivua kofia kwa mapigo matatu, la nne ni la kutoboa tundu la kunywea.

Sasa dhambi zangu. Nilisimamisha gogo la mlingoti, nikalirushia panga kwa nguvu zote. Likazama kama inchi mbili, likakataa kuendelea wala kutoka. Nikachukua nyundo ya jirani, nikagonga mgongo wake. Likazama zaidi. Nikashika mpini nikalinyonga kushoto na kulia. Likatoka, lakini mpini ukapasuka, ribiti moja imelegea, na makali yamepiga mapengo mawili, moja dogo na jingine punje ya mchele inalala ndani yake.

Dhambi ya pili: nililipeleka sokoni kwa kijana wa grinda. Cheche ziliruka kama za harusi, likarudi linang'aa. Nyumbani nikaona karibu na ncha kuna bakabaka la bluu na zambarau, kama shingo ya njiwa. Tangu hapo, sehemu hiyo nikikatia hata kijiti makali yanajikunja kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara.

Naomba kuelewa. Panga linaweza kuchanja kuni kweli, au najidanganya? Ile bluu ni nini, na inaponyeka? Na bapa limeingia weusi baada ya kukata matawi ya miwati mibichi, nimesugua na stilwaya hautoki. Ni kutu ya namna gani hiyo?

Tafadhali msiniambie tu "nunua shoka". Shoka litanunuliwa mshahara ukitoka. Kuni zinahitajika leo.

Bodaboda Mstaafu

Nunua shoka, dada yangu.

Mzee wa Mipini

Kamwene mwalimu, na pole kwa kufiwa na mzee.

Niko Mafinga. Nimekata miti ya watu tangu ujana wangu, sasa mgongo umekataa, nachonga mipini ya mashoka na majembe. Swali lako nimelisoma mara mbili na kuna jambo moja hukulitaja: uligonga sehemu gani ya gogo. Sikuwepo, ila najua. Uligonga katikati.

Wote hugonga katikati kwa sababu wameona shoka likifanya hivyo. Shoka lina mashavu. Likiingia, yale mashavu yanausukuma mti kulia na kushoto, mti unaachia. Panga halina mashavu. Mgongo wa panga la kawaida ni milimita mbili au tatu tu. Likizama katikati linabanwa pande zote mbili, na hakuna kinachosukuma. Hapo hata ungelipiga kwa nyundo ya reli, unalizika tu.

Kwa panga, gogo huchanji. Unalimenya, kama muhogo. Anzia ukingoni, toa ubao mwembamba, zungusha gogo, toa mwingine. Ule ubao wa pembeni una nafasi ya kukimbilia nje, kwa hiyo haulibani panga. Ukishazunguka gogo lote kinabaki kiini cha pembe nne, chembamba, na hicho sasa unaweza kukipiga katikati na kitakubali.

Panga usilirushe. Liweke. Simamisha gogo juu ya kisiki kipana au gogo jingine lililolala vizuri, usiliweke kwenye udongo wala saruji. Laza makali juu ya kichwa cha gogo, vidole viwili kutoka kwenye gome. Kama kichwani kuna ufa wa kukauka, fuata ufa huo, mti umeshakuonyesha unapotaka kupasukia. Ncha ya panga ivuke upande wa pili, ibaki nje upana wa kiganja. Mkono mmoja kwenye mpini, mwingine una rungu la mti. Piga mgongo wa panga hapo juu ya gogo mpaka lizame lote, halafu hamia kwenye ile ncha iliyobaki nje, upige hapo, huku mkono wa mpini ukikandamiza kidogo chini ili panga lishuke likiwa limelala sawa. Ukipiga ncha bila kukandamiza mpini, panga linaegemea na ndipo ribiti zinapolegea.

Rungu ni tawi bichi la mwati, unene wa mkono wako, urefu wa kiwiko hadi kiganja. Litachakaa, utakata jingine. Nyundo ya chuma irudishe kwa jirani leo hii. Chuma kikipiga chuma, mgongo wa panga unachanua kama uyoga, halafu siku moja kipande cha ule uyoga kinaruka. Ninamjua mtu anayeona kwa jicho moja kwa sababu hiyo.

Panga likikwama usilinyonge kabisa. Chonga kabari ya mwati mkavu, ichomeke kwenye ule ufa ambao panga limeufungua, igonge taratibu. Ufa ukipanuka, panga litadondoka lenyewe.

Ukubwa: panga lenye makali ya inchi 18, gogo la inchi 8 ndiyo mwisho wake. Magogo ya kinu yaache, yakalie kama viti mpaka shoka lije. Fundo ukiliona liweke chini, uanzie upande ulio mbali nalo. Kama fundo liko katikati ya gogo fupi, achana nalo, hilo ni la kulaza moto usiku.

Na milingoti uichanje wiki hii. Huo mti nyuzi zake zimejisokota. Ukiwa mbichi bado unakubali, ukikauka unakuwa mfupa. Mwati hauna haraka, hata mkavu unapasuka vizuri.

Sasa bluu. Yule kijana hakulinoa panga, alilipika. Chuma kikipata moto kinabadilika rangi: kwanza njano ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, halafu bluu. Bluu ni kama nyuzi joto 300. Ugumu wake umeshuka, ndiyo maana makali yanajikunja. Grinda siyo haramu, lakini fundi anayejua hugusa mara moja na kuchovya kwenye maji, hugusa na kuchovya, na kidole chake kinagusa chuma kila mara. Kikimchoma anaacha.

Kinaponyeka. Bluu iliyoko kwenye bapa haina shida, iache ikupambe. Iliyoko kwenye makali lazima iondoke yote, kwa tupa na si kwa grinda, mpaka ufike kwenye chuma cheupe. Chukua tupa bapa ya inchi 8 au 10. Kama huna vaisi, laza panga juu ya benchi, makali yatokeze nje kidogo, likandamize kwa goti juu ya ubao. Vaa glavu ya mkono unaosukuma. Tupa inakata ikienda mbele tu: sukuma, inua, rudi. Ukiiburuta kurudi unaiua meno. Na wewe una bahati, chaki unayo bure: paka chaki kwenye tupa kabla ya kuanza, vumbi la chuma halitanasa kwenye meno.

Theluthi ya panga iliyo karibu na mpini usiitie makali. Vidole hupita huko.

Mapengo: dogo litatoka lenyewe utakapokuwa unanoa. Kubwa usilifukuze. Ukitaka liishe leo utakula milimita tatu za chuma urefu wote wa panga, kwa kitu ambacho hakizuii kazi. Wembamba ule wa makali alioutengeneza marehemu ulikuwa wa kumbi na makuti. Kwa kuni makali yanatakiwa yawe manene zaidi, kama digrii 25 kila upande. Ukiyabadili, dafu halitavuliwa tena kwa mapigo matatu. Hapo mimi siamui, panga ni lenu.

Mwana wa Pangani

Shikamoo mzee. Ni katikati kabisa. Nimeona aibu kama vile ulikuwa umekaa dirishani.

Jana baada ya kipindi cha mwisho nimejaribu. Nilichagua gogo la mwati lenye ufa kichwani. Rungu la kwanza lilikuwa tawi kavu, likavunjika pigo la tatu, nikarudi kusoma ulichoandika: "tawi bichi". La pili likakaa. Nikaweka panga vidole viwili kutoka kwenye gome, nikapiga, nikapiga. Pigo la tano gogo likatoa sauti kama mtu anayevunja muwa kwa goti, ubao ukaanguka pembeni, na ndani ni wa rangi ya waridi iliyopauka, unanukia kama chai iliyochacha. Nilicheka peke yangu. Mtoto wa jirani akaja kuangalia kwa nini mwalimu anacheka.

Magogo sita mpaka giza linaingia. Mlingoti nimechanja mmoja tu, nao haukunipa ubao, ulinipa kitu kilichosokotwa kama kamba. Lakini umewaka.

Tupa nimenunua, chaki nimeiba serikalini. Bluu imeondoka yote kwenye makali. Imenichukua jioni mbili na vidole vimeota malengelenge. Makali ya katikati sijayagusa. Nimeyatazama sana, nimeshindwa.

Swali la weusi bado.

Mtu wa Delta

Asalaam aleikum mwalimu. Niko Rufiji, na weusi huo nimeishi nao.

Siyo kutu. Ni wino. Gome la mwati limejaa tanini, ile dawa ya kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Ndiyo maana hapo Njombe ipo kampuni ya miwati tangu 1949. Huku kwetu kazi hiyo hiyo ilifanywa na magome ya mikoko, yalipakiwa majahazini na kwenda mbali. Tanini ikikutana na chuma kwenye unyevu inatoa rangi nyeusi yenye ubluu. Wino wa watu wa kale ulitengenezwa namna hiyo hiyo. Ukikata mikoko siku nzima, panga linakuwa jeusi na kucha zako zinakuwa nyeusi, na unaenda msikitini watu wanadhani umepaka hina mbovu.

Weusi wenyewe hauli panga, usijiumize na stilwaya. Kinachokula ni yale maji ya gome yakilala usiku kucha kwenye bapa, maana yana uchachu. Kabla hujala, futa panga. Tambara kavu, halafu majivu makavu ya jikoni, sugua, futa tena, lisogeze karibu na moto mpaka bapa liwe na joto la mkono, siyo zaidi. Ushaambiwa habari ya moto.

Kutu ni ile nyekundu inayoacha vumbi kidoleni. Hiyo ukiipata, ponda ukwaju kwa maji kidogo, paka, acha nusu saa, sugua kwa msasa laini, suuza kwa maji ya majivu, kausha upesi sana. Ukiacha ukwaju ulale nao utalikuta panga lina vishimo.

Baada ya hapo mafuta. Watu wengi hupaka ya alizeti, na baada ya mwezi panga linanata kama lina ulimbo, maana yale mafuta hukauka na kushika. Oili chafu ya gari inazuia kutu kweli, lakini hilo panga ni la madafu, na oili chafu usiile. Mimi natumia mafuta ya nazi. Hayanati. Wasiwasi wangu ni kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na kwa baridi yenu hiyo yatakuwa kama mshumaa. Lakini si kitu, chota kidogo kwa kitambaa, sugua kwenye bapa likiwa bado na ule uvuguvugu wa moto, yatayeyuka na kubaki safu nyembamba.

Usilihifadhi kwenye ala ya ngozi wala kwenye ile kanga. Vyote vinanyonya unyevu na kuuweka karibu na chuma. Pigilia msumari ukutani, litundike juu juu, mbali na watoto.

Mkulima wa Molo

Sasa mwalimu. Hata huku Molo Julai tunatetemeka, karibu kwa chama. Mwati sisi Wakikuyu twauita muthanduku, na mlingoti wenu kwetu ni mkaratusi. Mzee wa Mipini amemaliza yote upande wa magogo, mimi niongeze upande wa miguu.

Mwaka juzi nilikuwa nachonga vibanzi vya kuwashia moto. Kazi ya mtoto. Nimesimama, nimeshika kijiti kwa mkono wa kushoto, kichwa cha kijiti kimeegemea kisiki. Panga likapata fundo, likateleza. Lilipasua gambuti juu kidogo ya kifundo cha mguu, likapasua soksi, likaingia. Nikashonwa nyuzi nne. Daktari aliniuliza kama nilikuwa napigana na mtu, nikamwambia ndiyo, na mti.

Siku hizi nachonga nikiwa nimepiga magoti, kisiki kiko mbele yangu. Panga likiteleza linaangukia kisiki au udongo, halina njia ya kufika mguuni. Na kijiti sikishiki kwa vidole: nakizuia kwa kijiti kingine kirefu, au nagonga panga lizame kidogo kwanza kisha nainua vyote viwili pamoja na kuviangusha kisikini. Kuna wanaofunga kamba ya mpini kwenye kifundo cha mkono. Mimi nimeikata yangu. Panga likikuponyoka acha liende zake, usilifunge likurudie.

Halafu, kama kuna mhunzi mzuri karibu, mwombe akufulie panga la kuni la springi ya gari. Langu nilinunua Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa jua kali. Mgongo wake ni karibu milimita sita. Kufyeka nyasi halifai, mkono utachoka kabla ya saa nne asubuhi, lakini kwa kuni linaingia na kusukuma mti lenyewe. La mzee wako lirudi kwa madafu.

Mwana wa Pangani

Madafu Njombe? Labda nichore ubaoni.

Lakini nimekuelewa kaka. Jana nimechonga vibanzi kwa kupiga magoti, magoti yamepoa kuliko miguu ya bata, ila vidole vyote kumi ninavyo. Nimeulizia mhunzi, nimeambiwa yuko mmoja njia ya Makambako, nitakwenda Jumamosi na kipande cha springi nilichopewa gereji.

Mtu wa Delta, waaleikum salaam. Habari ya wino nimeipeleka darasani. Niliwapa darasa la sita msumari wenye kutu, kipande cha gome na kikombe cha maji ya moto, tukaacha mpaka kesho yake. Maji yakawa meusi. Mmoja akaandikia jina lake kwa njiti ya kiberiti. Sasa wazazi wanauliza kwa nini watoto wanarudi nyumbani na vidole vyeusi, na mimi nasema waulizeni watu wa Rufiji.

Mafuta ya nazi yameganda kweli, kopo zima jeupe. Nimefanya ulivyosema, karibu na moto. Panga lilipopata joto jikoni kote kukanukia nyumbani kwetu, nikaacha chai ikachemka mpaka ikamwagika.

Limebaki la mpini. Kwa sasa nimeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, unashika lakini unateleza mikono ikiwa na baridi. Nilimpigia mdogo wangu, kule kwetu nyuma ya nyumba kuna mpera ambao baba mwenyewe alichongea mipini. Ameukata tawi moja, amelituma kwa basi. Limefika leo, limefungwa kwenye gazeti, na ndani ya kiroba kaweka madafu mawili bila kuniambia.

Moja nimelifungua kwa panga hilo hilo. Mapigo saba. Pengo lile kubwa linanasa kumbi, ukivuta linatoa nyuzi. Bila hivyo naamini ningefika matano.

Mzee, mpera unafaa? Na ribiti nitazitoa wapi?

Mzee wa Mipini

Mpera ni mti mzuri sana wa mpini, hauchani mkono na hauvunjiki ovyo. Marehemu alijua.

Ila ni mbichi. Ukiuchonga leo ukaupigilia, ukikauka utanywea, ribiti zitacheza na utarudi hapa kulia. Upasue katikati sasa hivi ukiwa mbichi, kwa panga na rungu, umeshajua. Paka nta ya mshumaa kwenye vichwa vyake vyote ili usipasuke, uweke kivulini ndani ya nyumba, siyo juu ya jiko. Angalau wiki nne kwa baridi yenu.

Ribiti: usinunue. Chukua msumari wa inchi nne, uchome kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, uache upoe wenyewe kwenye majivu usiku kucha, utakuwa laini. Ribiti za zamani zitoboe kwa drili, usizing'oe kwa kupigapiga, utapindisha chuma kinachoingia kwenye mpini. Pitisha msumari kwenye matundu yale yale, kata ubaki milimita mbili kila upande, halafu gonga kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, taratibu kwa kuzunguka, mpaka uchanue kama kofia. Kaza mpaka vipande viwili vya mpera vikutane na chuma bila mwanga kupita. Ukiendelea kugonga baada ya hapo utapasua mpini.

Nyundo ya jirani sasa unaruhusiwa kuiazima.

Mwana wa Pangani

Wiki nne! Na nusu ya kirikuu bado iko mlangoni.

Haya, tyubu iendelee. Naongeza tabaka la pili, nalifunga kwa kuvuta mpaka mpira uwe mwembamba, na leo namenya yale magogo manne ya mlingoti kabla hayajawa mfupa.